Mikono Hufika Mwisho

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua kilo ya nyama buchani kwetu Moshono, naipima tena nikifika nyumbani, na mzani wangu wa jikoni nao niliwahi kuupima kwa pakiti ya sukari, ingawa sukari yenyewe siiamini sana. Kwa hiyo fundi aliponipigia simu kutoka Akheri, nyumbani kwa mama yangu, kunieleza kwamba faiba ya intaneti imeshaingia ndani na spidi yake ni megabiti ishirini kwa sekunde, sikumshukuru. Nilimuuliza hizo ni modemu ngapi.

Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya upole ya watu waliozoea kufokewa kwenye simu.

"Modemu, mama? Hizi za zamani za kupiga kelele?"

"Hizo hizo."

"Kwa kweli sijawahi kupiga hesabu hiyo."

"Basi mimi nitaipiga," nikamwambia, na nikaipiga palepale, mguu wangu uliovunjika ukiwa juu ya stuli na plasta yake.

Miaka ile simu ya mezani ilipokuwa bado ni kitu cha kujivunia, nilikuwa na duka la intaneti mjini Arusha, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Kompyuta tatu, laini moja ya simu na modemu moja. Wateja wangu wakubwa walikuwa watalii wanaoshuka kutoka mbugani wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, wakitaka kuwaambia watu wa kwao kwamba hawajaliwa na simba. Modemu ilikuwa na namba hamsini na sita kwenye boksi lake, yaani kilobiti hamsini na sita kwa sekunde. Sikuwahi kuziona hizo hamsini na sita. Siku ya neema zilikuja arobaini na tano. Mvua ikinyesha mlimani na nyaya zikilowa, zilishuka mpaka thelathini, na mtu wa simu nikimuuliza ananijibu kwamba tatizo liko kwangu.

Hapo ndipo nilipojifunza kugawa. Biti ni punje, na baiti moja ni punje nane. Wanaokuuzia wanakutajia punje kwa sababu namba inakuwa kubwa na tamu, lakini wewe unachopakua unakipokea kwa baiti. Pale dukani hatukugawa hata kwa nane, tuligawa kwa kumi, kwa sababu laini nayo ina posho zake inazokula njiani. Arobaini na tano ukigawa kwa kumi unapata kilobaiti nne na nusu kwa sekunde. Picha moja nzuri ya kamera ya siku hizi, ya megabaiti mbili na nusu, ingechukua zaidi ya dakika tisa kuingia kwenye duka langu, na mteja angekuwa ameshaanza kunitukana kwa lugha ya kwao.

Lakini sikuwa nategemea hesabu peke yake. Nilikuwa na kipimo changu. Ilikuwa picha ya mama yangu, ndogo, niliyoipandisha kwenye mtandao makusudi. Mama amesimama mbele ya migomba akiwa amebeba tenga la kahawa mbivu, nyekundu, mikono yote miwili imelikumbatia. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango niliivuta ile picha. Siku zile picha haikuja yote kwa mpigo, ilishuka kutoka juu mstari kwa mstari. Kwanza majani ya mgomba, halafu kilemba, paji la uso, macho, kidevu, na laini ikiwa na maradhi inakatikia hapo. Ikifika hadi chini, kwenye mikono yenye kucha nyeusi za utomvu wa ndizi, nilijua laini ni nzima na nafungua duka. Mikono ndiyo ilikuwa inafika mwisho.

Mama mwenyewe alikuja dukani mara chache, siku ambazo kaka yangu aliyekuwa akisoma ng'ambo alikuwa amepata kamera ya kompyuta. Tuliinunua na sisi, kijicho kidogo cha kubandika juu ya skrini. Mama aliketi mbele yake amevaa nguo ya kanisani. Akicheka, picha inavurugika huko kwa kaka. Akinyoosha mkono kumpungia, anageuka ukungu. Nikamfundisha: "Mama, tulia. Ukitikisika picha haipiti, waya ni mwembamba." Akatulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, na kaka akamwona. Mama alilishika somo hilo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha kompyuta.

Sasa rudi kwenye faiba. Megabiti ishirini ni kilobiti elfu ishirini. Gawa kwa arobaini na tano, unapata modemu zaidi ya mia nne na arobaini. Nikaiandika namba hiyo juu ya plasta ya mguu wangu kwa kalamu, nikaitazama. Modemu mia nne na arobaini zikipiga kelele kwa pamoja zingewakimbiza kuku wote wa Akheri. Na hawa watu wanasema wamezipitisha kwenye uzi mwembamba wa kioo, tena kwa mwanga, juu ya nguzo, katikati ya miparachichi ya jirani. Machale yakanicheza. Nikaona kuna changa la macho hapa.

Nilikuwa na sababu ya kutaka iwe kweli. Baba alipofariki, kaka, ambaye sasa anaishi Dar es Salaam na nyumba yake ina vyumba vingi kuliko watu, alitaka kumchukua mama. Mama akakataa. Alisema hawezi kuacha kihamba, shamba la migomba la ukoo, na kaburi la mume wake akakae mahali ambapo maji ya bomba yanatoka ya moto. Tukabishana kikao kizima, mama akiwa amekaa katikati yetu, mwishowe kaka akasema maneno tuliyokubaliana wote: mama atabaki kwake maadamu anajipikia na kujimiminia chai yake mwenyewe. Siku atakaposhindwa, anahamia Dar, hakuna mjadala. Mama akaitikia kwa kichwa. Kazi ya kumwangalia ikawa yangu, kwa kuwa Moshono na Akheri si mbali, na kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwake.

Halafu nikateleza kwenye ngazi za kwangu na kuvunja mguu mahali pabaya, daktari akanipiga marufuku kutembea kwa miezi. Ndiyo maana nikaiagiza faiba kwa mama. Nilimnunulia na tableti, ambayo jirani alimwegeshea kwenye kopo la sukari mezani, na mama akafundishwa kubonyeza kitufe cha kijani.

Wiki za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Alinionyesha mkungu wa ndizi uliotaka kuangusha mgomba, akanionyesha kuku aliyetotoa. Chai alikuwa nayo mkononi wakati wote. Kisha, sijui hasa ni lini, picha ikaanza kuganda.

Nikipiga, alichelewa kupokea. Akipokea, picha ilianza kwa kutikisika vibaya, naona dari, naona kopo, naona dari tena. Halafu inatulia, na mama anaonekana ameketi mbali kidogo na meza, mlango wazi nyuma yake, amejifunika shuka hadi kidevuni kwa sababu ya baridi ya mlimani. Mwanga ulikuwa mgongoni kwake na uso ulikuwa kivulini. Baada ya hapo hakuna kinachosogea.

"Mama, umeganda," namwambia.

"Hivyo hivyo, mwanangu. Ni mtandao."

Basi nikaanza kazi ya kushuku, na nilikuwa na muda mwingi wa kuifanya. Niliishuku kampuni kwamba imenikatia nusu ya megabiti zangu na kumpa mtu mwingine. Niliishuku nyumba ya wageni iliyo chini ya barabara, ambayo wageni wake bila shaka walikuwa wakitazama sinema za kwao kwa faiba yangu. Nilimshuku jirani na miparachichi yake. Nilimshuku fundi kuliko wote, kwa sababu alikuwa mpole, na mtu wa ufundi akiwa mpole kupita kiasi najua kuna kitu amekificha.

Nilimpigia simu mpaka akawa anaanza kwa kuniamkia na kuniomba radhi kwa pamoja. Alikwenda Akheri, akapima, akasema ishirini zinafika zote. Nikamwambia kipimo chake ni cha kampuni yake mwenyewe, sawa na muuza maziwa kukupimia kwa kikombe alichokitoboa. Akaenda tena. Akabadilisha kipande cha waya. Mama akaendelea kuganda.

Kaka naye aliona. Kila Jumapili tulipiga simu ya watu watatu, na yeye ni mtu wa kusema mambo mara moja tu. Jumapili moja alimtazama mama mpaka mwisho, na mama alipokata, akabaki na mimi.

"Mbona simwoni mama vizuri siku hizi?"

"Ni mtandao. Nimeshawabana, wanarekebisha."

"Faiba ikwame? Wewe si ulinipigia hesabu za modemu mia nne?"

"Ndizo ninazozitafuta, kaka."

"Sawa. Jumapili ijayo nataka nimwone akimimina chai na kuinywa. Nisipomwona, nakuja na gari kumchukua. Sitaki kuja kuambiwa mambo na majirani."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba ya mama, kwamba atang'olewa kwenye kihamba chake kwa sababu ya waya wa watu wezi. Nikamwita fundi kwa mara nyingine, asubuhi, na safari hii nikamwambia tutapima kwa njia yangu.

Ile picha ya zamani ya mama na tenga la kahawa ninayo bado. Lakini ni ndogo mno, kwa faiba isingeniambia kitu. Kwa hiyo nilikuwa nimeituma kwa mpiga picha mjini, akaichapa kubwa na kuipiga upya, ikawa na megabaiti mbili na nusu kamili. Megabiti ishirini gawa kwa nane ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Yaani ile picha, kama hawa watu si wezi, inatakiwa ishuke yote ndani ya sekunde moja, ikizidi sana mbili. Fundi alikaa sebuleni kwa mama na tableti ile ile. Mimi Moshono nikaipandisha picha mahali anapoweza kuivuta, nikambakisha kwenye simu nyingine.

"Haya, vuta. Niambie ukiona majani ya mgomba."

"Mama, imeshafika."

"Nini kimefika? Kilemba?"

"Yote. Bibi yupo hapa na kahawa yake."

"Mikono?"

"Mikono na kucha, mama. Nirudie?"

Akarudia mara nyingi. Kila mara ilifika yote kabla sijamaliza kuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue modemu yangu, mtu alikuwa amenipa kile alichoniuzia. Nilimwambia fundi asante, kwa kujilazimisha, akaondoka, nadhani kwa mbio.

Simu ya video inakula megabiti moja na nusu hivi, modemu thelathini na kitu. Nilizokuwa nazo ni zaidi ya mia nne. Nikarudia hesabu kwa kugawa, kisha kwa kuzidisha, kisha kwa kugawa kwa kumi kama dukani. Kila njia ilinipa jibu lile lile. Hapakuwa na sababu ya picha ile kuganda.

Nikampigia mama palepale. Dari, kopo, dari. Kisha mama, mbali na meza, shuka hadi kidevuni, ametulia tuli.

"Umeganda, mama," nikasema.

"Ni mtandao, mwanangu."

Safari hii sikumtazama yeye. Nilitazama nyuma yake, mlangoni. Kulikuwa na upepo Akheri mchana ule, na jani la mgomba lililokuwa limechanika lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka. Kuku akapita kizingitini, akasimama, akadonoa kitu, akaenda zake. Na sauti, sasa nikakumbuka, sauti haikuwahi kukatika hata siku moja. Kila kitu kwenye picha ile kilikuwa kinatembea isipokuwa mama.

Nilikuwa nimemshuku kila mtu kuanzia kwenye nguzo hadi kwa wageni wa watu, na yeye sikumshuku kabisa. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikatafuta teksi. Plasta ilikuwa imeshatolewa wiki hiyo na daktari alikuwa bado hajaniruhusu safari. Nikamwambia dereva apite Tengeru taratibu, mashimo yote ayakwepe.

Mama hakunisikia nikiingia. Alikuwa jikoni amesimama mbele ya sufuria ya mtori wa ndizi, mwiko mkononi, na ule mwiko ulikuwa ukigonga ukingo wa sufuria wenyewe, haraka haraka, bila yeye kukoroga. Meza ilikuwa na maji ya chai yaliyomwagika na kufutwa na kumwagika tena. Aliponiona, mikono yake ikaingia chini ya kanga kama kuku waliomwona mwewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akatazama mguu wangu. "Wewe si umekatazwa kutembea?"

"Na wewe umekatazwa na nani kutikisika?"

"Wewe," akasema, bila kupepesa. "Si uliniambia kule dukani? Nikitikisika picha haipiti."

Nilitaka kucheka na machozi yakanitoka. "Mama, huu waya ni modemu mia nne. Unaweza kucheza ngoma humo na ukaonekana."

"Ndiyo maana," akasema. "Ule mwembamba ulikuwa mzuri."

Tukakaa. Akaniruhusu niitoe mikono yake chini ya kanga, kwanza wa kushoto, ambao ulikuwa unatetemeka kidogo, kisha wa kulia. Nilishindwa kuutuliza hata nilipoushika kwa nguvu. Akaniambia kutetemeka kulianza baada ya mimi kuvunjika mguu, kidole kimoja kwanza. Akikaa na kujishikilia kwa nguvu chini ya shuka, mabega hayaonekani yakicheza. Alikuwa amejaribu mbele ya kioo. Alihama kutoka karibu na meza kwa sababu meza ilikuwa inamsaliti, ikitikisa tableti.

"Sitaki kwenda Dar," akasema. Hakulia, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nikienda nitakufa nikitazama televisheni."

Nilimwambia tutakwenda hospitali, hilo halina mjadala, na akakubali upesi mno hata nikaona alikuwa ameogopa peke yake muda mrefu. Kuhusu kaka hatukusema neno. Nililala kwake siku hiyo, na siku zilizofuata, na tukaenda hospitali, akapewa vidonge ambavyo daktari alisema vitachukua muda kufanya kazi.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada tukaketi mbele ya tableti, mama mahali pake pa mbali, shuka hadi kidevuni, mimi kando yake. Chini ya shuka nilikuwa nimeushika mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili, na bado nilihisi unapiga. Kaka akapiga.

"Shikamoo mama. Kumbe na wewe uko huko? Mguu?"

"Mguu mzima."

"Haya, mama, nione chai."

Mama hakusogea. Jani la mgomba lilikuwa likipepea nyuma yetu, nikasogeza kiti kidogo ili mgongo wangu uzibe mlango. Kisha nikakaza shingo na kutulia, macho wazi, kama nilivyomfundisha yeye zamani.

"Haloo? Mmeganda wote wawili," kaka akasema.

"Tunakusikia," nikasema, nikijitahidi midomo isifunguke sana. "Ni mtandao. Nilikuambia hawa watu ni wezi. Huku zinazofika hata modemu mbili hazitimii."

"Mama anakula? Anapika?"

"Ameshapika mtori, nimekula sahani mbili. Mimi nahamia huku, kaka. Nitakaa na mama niubane huu mtandao mpaka utengemae. Siwezi kuwaachia."

Kaka akafikiri. Anajua ninavyopima nyama, anajua ninavyofokea watu wa simu. Nilimwona akicheka kidogo kwa pua, picha yake safi, kila unywele wa ndevu zake ukionekana kutoka Dar es Salaam.

"Ukikaa hapo wewe, sina neno," akasema. "Wabane. Mama, kwaheri."

"Kwaheri, baba," mama akasema.

Tableti ikawa nyeusi. Tukabaki tumetulia bado, kama tunaogopa kwamba ataweza kutuona hata hivyo. Kisha mama akaupumzisha mkono wake, ukaanza kucheza juu ya shuka waziwazi, mbele yangu, na hakuuficha.

"Amekuamini?" akauliza.

"Ameniamini."

"Ungekuwa wewe, usingeamini."

Nikamimina chai, nusu kikombe tu ili isimwagike. Mimi nikashika upande mmoja wa kikombe na yeye akashika mwingine, tukakipeleka kinywani pake pamoja.